Kumpokea mwanafunzi wa atachimenti: piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Muhula ukikaribia kuisha, barua za wanafunzi wanaoomba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, huanza kumiminika. Nakuru imezungukwa na vyuo: Rift Valley National Polytechnic (zamani RVIST), KITI, Kabarak, Egerton kule Njoro. Kisumu wana Maseno na Kisumu National Polytechnic, Kakamega wana Masinde Muliro na Sigalagala. Wanafunzi wa vyuo hivi wote hutafuta kitu kimoja, mahali pa kukaa takriban wiki 12 wakifanya kazi halisi, ili logbuku, daftari la kazi za kila siku, itiwe sahihi na masomo yasonge. Mwenye karakana naye humjibu kijana palepale mlangoni: "Njoo Jumatatu," huku moyoni akisema amepata mikono ya bure. Au: "Hapa hatuchukui wanafunzi, wanaharibu kazi."

Majibu hayo yote mawili hutolewa bila hesabu. Mikono si ya bure, na mwanafunzi si lazima awe hasara. Gharama kubwa hapa haiko kwenye chai wala nauli, iko kwenye saa za fundi wako bora. Faida kubwa nayo si kazi atakayokufanyia kijana, ni kwamba unamtazama mtu kwa wiki 12 kabla ya kuamua kumwajiri. Ukiyapima haya mawili utajua uchukue wangapi, lini, na lini ukatae.

Nitatumia mfano wa karakana ya kuchomelea vyuma yenye mafundi wanne, inayotengeneza mageti, madirisha na madawati ya shule. Tarakimu za pesa ni za mfano, weka zako. Mwenye gereji, duka la dawa, agroveti au ofisi ya uhasibu atafuata njia ileile.

Hatua ya 1: Jua anayebisha hodi ni nani

Mwanafunzi wa atachimenti bado yuko chuoni. Analetwa na chuo, ana kipindi maalumu, ana logbuku, na mkufunzi wake atakuja kumtathmini. Aliyekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu ni mtu mwingine kabisa: hana chuo nyuma yake, anakaa muda mrefu zaidi, na mara nyingi inabidi umlipe. Usiwachanganye katika barua wala katika bajeti.

Kisha uliza kiwango chake na anachotakiwa kujifunza. Vyuo vya kiufundi siku hizi hufundisha kwa kupima anachoweza kufanya mtu, na tathmini za TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini za vyuo vya ufundi, hutaka ushahidi wa kazi yenyewe. Kwa hivyo mwanafunzi anayo orodha ya stadi anazopaswa kuzionyesha. Iombe kabla ya kukubali. Kama orodha inataka kuchomelea kwa gesi na wewe una mashine ya umeme peke yake, mwambie ukweli mapema. Kumkubali kisha akakosa nusu ya stadi ni kumharibia muhula wake.

Hatua ya 2: Hesabu saa za fundi, kwa karatasi na kalamu

Wengi huruka hapa, ndiyo maana miezi mitatu baadaye hawajui kama walipata au walipoteza.

Tuseme fundi mkuu wako analipwa Sh1,800 kwa siku ya saa tisa, yaani Sh200 kwa saa. Mnafanya kazi siku sita kwa wiki. Katika wiki mbili za kwanza mwanafunzi humla fundi kama saa mbili kwa siku: kumwonyesha mashine, kusimama naye, kurudia alichokosea. Hizo ni saa 24. Wiki ya tatu hadi ya sita, saa moja kwa siku, 24 nyingine. Wiki ya saba hadi ya mwisho, nusu saa kwa siku, saa 18. Jumla saa 66. Kwa mshahara wa fundi ni Sh13,200.

Sasa ongeza vitu vinavyoonekana. Chakula cha mchana cha Sh150 kwa siku 72 ni Sh10,800. Nauli, kama umeamua kumsaidia kwa Sh100 kwa siku, ni Sh7,200. Ovaroli, glavu, miwani na ngao ya uso, weka Sh3,500. Rodi na diski za kukatia atakazoharibu akijifunza, pamoja na vyuma vilivyokatwa vifupi, Sh4,000. Muda wako mwenyewe wa barua, fomu na kumpokea mkufunzi, saa sita kwa Sh400, ni Sh2,400. Jumla yote Sh41,100 kwa mwanafunzi mmoja.

Bado kuna swali moja linaloweza kuipindua hesabu nzima: saa ya fundi ina thamani gani kwako kweli? Kama kazi zimepungua na fundi anashinda akisubiri wateja, saa yake ni Sh200, maana ungemlipa hata angekaa. Lakini kama kuna mageti sita yamepangwa foleni na wateja wanapiga simu, saa anayompa mwanafunzi ni saa iliyotolewa kwenye geti. Tuseme kila saa ya fundi hukuingizia Sh450 baada ya kutoa gharama ya vyuma. Saa 66 sasa ni Sh29,700, na jumla inapanda hadi Sh57,600. Mwanafunzi ni yuleyule na karakana ni ileile, ila amekuja katika msimu usiofaa.

Kwa hivyo angalia kalenda yako kabla ya kuangalia barua. Karakana inayopata zabuni za madawati shule zinapokaribia kufunguliwa isichukue wanafunzi wapya wiki hizo. Wakija wiki sita mapema watakuwa tayari wanajua kupiga msasa na kupaka rangi kazi itakapobana, na hapo wanakufaa. Wenye agroveti nao wanajua kinachotokea dukani mvua za Machi zinapoanza.

Jambo jingine ambalo hesabu hii huonyesha: wanafunzi wawili hawagharimu mara mbili. Fundi akieleza jinsi ya kuweka umeme wa mashine kulingana na unene wa chuma, wawili husikia kwa pamoja, na baadaye huulizana wenyewe kabla ya kumsumbua. Wa tatu kwa fundi mmoja huharibu mambo. Mmoja lazima abaki bila kazi, na asiye na kazi ataishia kwenye simu au kutumwa sigara. Kanuni yangu ni wawili kwa fundi mmoja anayependa kufundisha. Kama huna fundi anayependa kufundisha, ni sifuri. Usimlazimishe fundi mkali asiye na subira. Atamfundisha kijana kuogopa mashine, na wewe utamlipa kwa hilo.

Hatua ya 3: Weka faida upande wa pili, bila kujidanganya

Kazi ya mwanafunzi ina thamani, ila ndogo kuliko tunavyodhani. Wiki nne za kwanza hesabu sifuri. Wiki ya tano hadi ya nane, tuseme anafanya saa tatu kwa siku za kazi ambayo ungemlipa mtu wa mkono (msaidizi wa fundi), na wiki nne za mwisho saa tano. Hizo ni saa 192. Mtu wa mkono wa Sh720 kwa siku ni Sh80 kwa saa, kwa hivyo umepata kazi ya Sh15,360.

Ukilinganisha na Sh41,100, una pengo la Sh25,740. Msimu ukiwa wa foleni, pengo ni Sh42,240. Anayekuambia wanafunzi ni faida tupu hajaandika tarakimu hizi, au anawafanyisha kazi ya vibarua tangu siku ya kwanza bila kuwafundisha chochote. Kuna pia wanaowatoza wanafunzi pesa ili wawape nafasi. Hilo silihesabu kama biashara.

Pengo huzibwa na mambo matatu, na angalau moja liwe la kweli kwako.

La kwanza na kubwa ni ajira. Fikiria unavyoajiri sasa: jamaa anakupigia simu, anakuambia ana kijana mzuri, kijana anakuja, na mwisho wa mwezi unagundua hajui kusoma vipimo. Kwa siku 26 za Sh1,200 umelipa Sh31,200, na bado kuna geti moja au mawili yaliyorudishwa na wateja. Mwanafunzi uliyemtazama wiki 12 unamjua: anafika saa ngapi, anaongeaje na mteja mzee, akikosea anaficha au anasema. Ukiwa na mpango wa kuongeza fundi mwaka huu, mwanafunzi mmoja mzuri hulipia wenzake wawili walioondoka. Kama huna mpango wowote wa kuajiri, futa faida hii kabisa kwenye karatasi. Usiiache hapo kama pambo.

La pili ni kazi zilizolala. Kila biashara inazo: stoo haijahesabiwa tangu mwaka jana, orodha ya bei iko kichwani mwa mtu mmoja, vitabu vya risiti viko kwenye gunia. Mwanafunzi wa diploma ya biashara anaweza kukupangia wateja wa miaka miwili kwenye kompyuta, jambo ambalo wewe hutalifanya kamwe. Lakini liandike kabla hajafika, kwa sentensi moja yenye mwisho: "Kufikia wiki ya kumi, vifaa vyote vya stoo viwe kwenye orodha yenye bei." Likibaki wazo tu halitafanyika.

La tatu ni maarifa mapya. Kijana kutoka chuoni amewahi kuchora geti kwenye programu ya kompyuta, na mteja akiliona kwenye simu kabla halijatengenezwa, ubishi wa baadaye hupungua. Katika gereji, wengi wa vijana hawa husoma mashine ya kupimia hitilafu haraka kuliko fundi wa zamani. Msikilize, ila usimpe gari la mteja peke yake.

Na ushuru wa mafunzo? Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), na aliyelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Idhini huombwa kabla ya mafunzo, si baada. Kwa walio upande wa ziwa, NITA ina kituo chake Kisumu, unaweza kuingia na kuuliza uso kwa uso. Usiweke pesa hizo kwenye hesabu hadi idhini iwe mkononi.

Hatua ya 4: Bima, usalama na karatasi

Hapa sina mzaha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu yuko kazini, wa muda au wa kudumu. Huwezi kusema "huyo si mfanyakazi wangu" baada ya diski ya grainda kupasuka.

Bima zina pande mbili. Chuo mara nyingi huwa na bima ya ajali kwa wanafunzi wake. Omba nakala na uangalie tarehe, kwa sababu bima iliyokwisha mwezi uliopita ni karatasi tu. Upande wako, kama una bima ya fidia ya wafanyakazi chini ya sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini (WIBA) ya 2007, mwandikie wakala wako kumuuliza kama wanafunzi wa atachimenti wamo. Mwandikie, usimpigie. Jibu la simu halitakusaidia siku ya ajali. Bila bima upande wowote, mwanafunzi asiguse mashine, na kama hawezi kugusa mashine basi hana sababu ya kuwa kwako.

Kwa kuchomelea, ngao ya uso ni ya anayetazama pia. Wanafunzi husimama kando ya fundi wakichungulia mwali bila kinga, mchana wanajisikia sawa, usiku macho yanawaka kana kwamba yamejazwa mchanga. Ni mionzi ya mwali wa umeme inayochoma uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hakuna anayejifunza kwa kuonywa mara moja. Ngao moja kwa kila kichwa kilicho karibu. Kama una ngao mbili, basi nafasi karibu na fundi ni ya mwanafunzi mmoja.

Mengine kwa ufupi. Wafanyakazi wakifika 20, Sheria ya Ajira inakutaka uwe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono, lakini hata mkiwa wanne mwambie mwanafunzi siku ya kwanza nani wa kumwendea akisumbuliwa, na asiwe mtu huyohuyo anayetia sahihi logbuku. Kwenye duka la dawa, kliniki au ofisi ya wakili kuna siri za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana wewe mwenye biashara. Mpe anachohitaji kwa kazi yake tu. Nambari ya siri ya M-Pesa ya biashara isitoke kwa mtu yeyote. Na mwanafunzi asimtolee mgonjwa dawa akiwa peke yake hata kama foleni imefika barabarani.

Barua yako ya kumkubali iwe ya ukurasa mmoja: tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi, nani msimamizi wake, utampa nini (chakula, nauli au hakuna), na nini kitamfanya aondoke mapema. Kuhusu chakula, toa. Kijana anayesafiri kila siku kutoka Njoro, Egerton ikiwa kama kilomita 25 kutoka mjini, ikifika saa nane mchana na bado hajala kitu, usimpe grainda. Ukiona huwezi kumudu Sh150, hesabu imeshakujibu.

Hatua ya 5: Wachague kwa dakika kumi za kazi

Barua zote zinafanana na wasifu wote una "mwenye bidii". Mpe tepu ya kupimia na fremu ya dirisha iliyokwisha kuunganishwa, umwambie: "Nipimie hii, uniandikie, halafu uniambie kama iko sawa." Wengi watapima upana na urefu na kukurudishia karatasi. Mmoja atapima kona kwa kona, pande zote mbili, kuona kama vipimo vinalingana, kwa sababu fremu inaweza kuwa na upana na urefu sahihi na bado iwe imepinda. Huyo amefundishwa, au anafikiri. Pia tazama atakapoiweka tepu akimaliza.

Kwa agroveti, mpe kibandiko cha dawa ya mifugo umwombe akusomee siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa. Kwa ofisi ya hesabu, risiti kumi zilizochanganyika. Nafasi usiitoe kwa sababu ni mtoto wa jirani. Kama ni lazima, basi afanye jaribio kama wengine.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, kisha logbuku kila Ijumaa

Siku ya kwanza ni kuzunguka karakana: swichi kuu iko wapi, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, mashine zipi haruhusiwi kugusa bila fundi. Siku zinazofuata abaki na fundi mmoja. Usimzungushe kwa mafundi wanne, kila mmoja ana mtindo wake, na hatajua wa kumfuata.

Logbuku ndiyo kipimo chako cha kujua kama mnafundisha au mnatuma tu. Ukiifungua ukute Jumatatu hadi Ijumaa imeandikwa "Tulitengeneza geti", kuna shida, na huenda si ya mwanafunzi. Inapaswa kusomeka hivi: "Nilikata mabomba ya mraba ya inchi moja na nusu, vipande vinane, kona za digrii 45. Vipande viwili vilikuwa vifupi kwa milimita tatu kwa sababu sikuhesabu unene wa diski. Fundi alinionyesha kuweka alama upande wa taka." Ukurasa wa namna hiyo unampa mkufunzi cha kuuliza, na wewe unakuonyesha vyuma vyako vilipotea wapi. Ijumaa saa kumi jioni, dakika kumi na tano, msimamizi asome na atie sahihi. Ukingoja wiki ya 12 utatia sahihi kurasa nyingi usizozijua, na hiyo ni kumsaidia mtu kudanganya.

Wiki ya nne, rudi kwenye karatasi yako ya hesabu. Fundi anatumia saa ngapi kweli? Kama bado ni mbili kwa siku, kaa na fundi na mwanafunzi mjue tatizo ni lipi. Pengine kijana ni mzito, pengine fundi hamwachii afanye. Ikishindikana, mpigie mratibu wa atachimenti wa chuo mapema, akiwa bado na nafasi ya kumtafutia kwingine.

Hatua ya 7: Mkufunzi akija, na siku ya mwisho

Mkufunzi huja mara moja au mbili, mara nyingine bila kukupa habari siku nyingi kabla. Mpe nusu saa na ukweli. Ukimsifu mwanafunzi asiyejua kazi, chuo kitakuletea wengine kama yeye. Tumia nafasi hiyo pia kumwambia mkufunzi kile ambacho wanafunzi wake wote hufika bila kukijua, kwa mfano kusoma mchoro.

Siku ya mwisho afanye kazi moja peke yake tangu kupima hadi kupaka rangi, na wewe uitazame kama mteja angeitazama. Andika matokeo, jaza fomu ya chuo, mpe barua inayosema alichoweza kufanya, si "alikuwa mwaminifu". Kama unamtaka, mwambie siku hiyohiyo ni lini utakuwa na nafasi na utamlipa kiasi gani. Bado ana mitihani, lakini fundi mzuri anayemaliza masomo Nakuru hakai wiki mbili bila mtu kumwita.

Kisha amua idadi ya muhula ujao mkiwa bado mnakumbuka, uiandike ukutani karibu na mlango: wawili, mmoja, au hakuna hadi Septemba. Anayeleta barua ajibiwe siku hiyo. Kijana aliyeambiwa "rudi wiki ijayo" mara tatu amemaliza nauli ya kutafuta kwingine.